Barua ya eskro ikifika: kurekebisha rejesho la nyumba kwenye GnuCash

Mdogo wangu anaishi Houston, Texas, kwenye nyumba aliyoinunua kwa mkopo. Hesabu zake nazishika mimi, huku Mtwara. Mchana natunza vitabu vya wakulima wa korosho, usiku vya kwake, kwa programu ya bure iitwayo GnuCash. Kila mwaka mkopeshaji humwandikia kwamba rejesho la mwezi limebadilika, naye hunirushia barua kwa WhatsApp na swali lile lile: "Dada, riba imepanda?" Haijapanda. Mkopo wake ni wa riba isiyobadilika. Kilichopanda ni eskro.

Ukitaja eskro hapa kwetu watu wanakumbuka sakata la akaunti ya eskro ya Tegeta la 2014. Hii ya mdogo wangu haina makeke. Mkopeshaji wa Marekani hataki nyumba anayoidai ilimbikize kodi ya jengo au ikae bila bima, kwa hiyo kila mwezi anachukua sehemu moja ya kumi na mbili ya gharama hizo pamoja na rejesho, anaiweka pembeni, na bili zikija analipa yeye. Ni kama sisi tunavyokatwa kodi ya jengo kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, ile iliyopanda 2023 kutoka shilingi 1,000 kwa mwezi hadi 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Ila ya LUKU ikishakatwa imekwenda serikalini. Ya eskro, mpaka siku bili inapolipwa, bado ni hela ya mwenye nyumba.

Ndiyo maana siwaelewi wanaoiandika eskro kwenye matumizi. Ifungulie akaunti upande wa mali, jirani na akaunti ya benki. Kila mwezi hela inatoka benki kwenda eskro, na hapo hakuna kilichotumika. Matumizi yanaandikwa siku mkopeshaji anapolipa: eskro inapungua, kodi ya jengo au bima inaongezeka. Ukifanya hivyo, salio lako la eskro litalingana na la kwenye taarifa ya mkopeshaji, na likikataa kulingana utajua pa kuanza kutafuta.

Sasa barua. Usikimbilie jumla iliyokolezwa wino juu. Tafuta kiasi cha deni na riba, kiasi kipya cha eskro, upungufu kama upo, na tarehe ya kuanza. Nipige mfano kwa tarakimu nilizozitunga. Mwaka jana kodi ilikadiriwa dola 5,400 na bima 2,640, jumla 8,040, yaani 670 kwa mwezi. Deni na riba ni 1,340, rejesho zima 2,010. Mwaka huu kodi imekuwa 5,640 na bima 3,480. Jumla 9,120, sawa na 760 kwa mwezi. Kwa sababu mwaka jana alikatwa kidogo kuliko bili zilizokuja, kuna upungufu wa 600, unaogawanywa kwa miezi kumi na miwili: 50. Eskro mpya ni 810, rejesho jipya 2,150. Deni na riba bado 1,340 ile ile. Tarakimu hiyo ikiwa imesogea kwenye mkopo wa riba isiyobadilika, acha kila kitu umpigie mkopeshaji.

Kwenye GnuCash fungua kihariri cha miamala inayojirudia, bofya mara mbili muamala wa nyumba, nenda kwenye kiolezo chake. Mstari wa eskro badilisha 670 iwe 810, wa benki 2,010 iwe 2,150. Ukikuta fomula zenye ipmt na ppmt, hizo ndizo zinazogawa riba na deni kila mwezi. Ziache kama zilivyo. Hakikisha pande mbili zinalingana, hifadhi.

Mabadiliko hayo yanashika miamala ambayo programu bado haijaiunda. Kama uliiagiza iunde siku kadhaa kabla ya tarehe, huenda wa mwezi ujao umeshaingia kwenye daftari kwa kiasi cha zamani. Huo urekebishe kwa mkono. Ya nyuma usiiguse, hata kama safu nzima ingependeza ikifanana. Hizo 670 ndizo zilizotoka benki kweli. Na programu haimlipi mtu: kama agizo la malipo amelitoa kwenye benki yake mwenyewe, alibadilishe huko, la sivyo atapeleka pungufu.

Upungufu anaweza kuulipa wote kwa mkupuo. Basi andika 600 kutoka benki kwenda eskro, na rejesho linakuwa 2,100. Mimi humwambia agawanye, maana sioni faida ya kutoa mapema hela isiyotozwa riba, lakini kuna watu deni dogo linawanyima usingizi. Ikitokea kinyume, eskro ikazidi kwa dola 50 au zaidi na malipo yake hayajachelewa, sheria inamtaka mkopeshaji airudishe. Hiyo hundi si mapato, jamani. Inatoka eskro kwenda benki, basi. Pia sheria inamruhusu mkopeshaji kushikilia akiba isiyozidi moja ya sita ya gharama za mwaka, kwenye mfano wetu 1,520, kwa hiyo usishangae salio lisipofika sifuri.

Bili za kodi za Houston hutoka kuanzia Oktoba, wakati huku minada ya korosho imepamba moto na sina muda wa mtu, na mwisho wa kulipa ni tarehe 31 Januari. Kwa hiyo Februari ndipo ninapofungua taarifa ya mkopeshaji kuona kama kodi imelipwa na kwa kiasi gani, kisha naiandika. Kodi ikiwa imeruka sana, muulize mwenye nyumba kama aliomba nafuu ambayo Texas humpa mtu anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe. Ikikubaliwa, mwambie amwombe mkopeshaji apige upya hesabu ya eskro badala ya kungoja barua ya mwaka ujao.