Mzoeze mnyama kutoka kulia kwanza, kisha kushoto

Wafugaji wengi wanamjua ng'ombe anayetulia ukimjia upande mmoja, lakini ukizunguka upande wa pili anarusha teke. Kwa kawaida huitwa mkaidi, akaongezewa fimbo. Fimbo ndiyo inayoharibu zaidi, kwa sababu anachokionyesha ni hofu aliyojifunza, na hofu hiyo ina upande.

Macho ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na farasi yamekaa kando ya kichwa. Neva nyingi za kila jicho huvuka kwenda nusu ya ubongo iliyo upande wa pili, kwa hiyo anachokiona kwa jicho la kushoto huchambuliwa zaidi na nusu ya kulia. Nusu ya kulia ndiyo inayoshughulika zaidi na vitu vigeni, hatari na kukimbia. Ya kushoto hushughulika na mambo yaliyozoeleka, kama kuchagua chakula, na husaidia kuzuia kurupuka.

Mwaka 2007 mtafiti Lesley Rogers na mwenzake nchini Australia waliwajaribu farasi 30 kwa kufungua mwavuli umbali wa mita 5 kisha kuwasogelea. Farasi walikimbia mbali zaidi mwavuli ulipotokea kushoto. Linalomhusu mfugaji moja kwa moja ni hili: waliosogelewa kwanza kutoka kulia hawakuonyesha tofauti kati ya pande mbili hata walipojiwa baadaye kutoka kushoto. Walioanziwa kushoto ndio waliobaki na woga wa upande huo. Kwa ng'ombe pia, utafiti wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa kitu kigeni hutazamwa zaidi kwa jicho la kushoto, na kikishazoeleka hutazamwa zaidi kwa la kulia.

Kwa hiyo kila kitu kipya, iwe kamba, bomba la dawa, mashine ya kukamulia au mfanyakazi mgeni, kianze upande wa kulia wa mnyama. Simama mbele kidogo ya bega, mahali anapokuona vizuri, wala usitokee nyuma ya mkia ambako haoni. Mwache anuse. Mpe chakula. Akiacha kukaza shingo na kurudia kucheua, hamia kushoto na uanze polepole tena. Hata ukianzia kulia, usidhani kwamba alichokubali upande mmoja amekikubali na upande wa pili. Akigeuza kichwa ili akutazame kwa jicho la kushoto, huenda bado ana shaka, basi punguza mwendo. Wanyama hutofautiana, na wapo wasiofuata mkondo huu, kwa hiyo mtazame mnyama wako mwenyewe kabla ya kuamini kanuni.

Maumivu ndiyo mwalimu mkali kuliko yote. Sehemu ya ubongo iitwayo amigdala huunganisha maumivu na mahali, mtu na hata nguo alizovaa. Katika majaribio ya panya, amigdala ya kulia imeonekana kubeba mzigo mkubwa zaidi wa kumbukumbu hiyo. Tena kumbukumbu ya hofu haifutiki kirahisi: utulivu unaomfundisha baadaye hukaa juu yake tu, nayo huweza kurudi mnyama akihamishwa mahali pengine. Ndiyo maana kumzoeza uwanjani hakutoshi. Mpitishe mara kadhaa ndani ya kibanio chenyewe, yaani pale anapobanwa ili atibiwe, bila sindano, ale kidogo, atoke.

Kazi zenye maumivu, kama kuhasi, kukata pembe au kuchanja, zisifanyike pale anapokamuliwa, na anayekamua asiwe ndiye anayechoma sindano. Hili nalisisitiza sana. Ng'ombe akishtuka, adrenalini, homoni ya mshtuko, huzuia kazi ya oksitosini, homoni inayoshusha maziwa, na maziwa hayashuki hata kiwele kikiwa kimejaa.

Kwa mnyama ambaye tayari ana woga, usijaribu kumshinda siku hiyo hiyo. Akikurupuka, mwache dakika 20 hadi 30 mwili utulie. Ukirudi, mjie kutoka kulia na chakula mkononi, ukiwa na nguo tofauti na zile ulizovaa siku ya sindano. Upande wa kushoto uuache hadi akubali kuguswa begani bila kusogea.