Adapta za kebo ya umeme kwenye mitambo ya sauti: kuchagua, kupima na kufunga

Adapta ya umeme, yaani kipande kinachounganisha kebo au plagi na tundu lisilolingana nayo kwa umbo, haiwezi kuupa muziki kitu ambacho mashine haina. Inaweza kuupunguzia, na hufanya hivyo kwa njia nne: inakata waya wa ardhi, inashika pini kwa ulegevu, inageuza waya wa moto na wa nyutro, au inampa mtu nafasi ya kuchomeka mashine kwenye umeme usiolingana nayo. Anayetaka sauti safi ashughulike na hizo nne kwanza. Pini zilizopakwa dhahabu au rodiamu huja nyuma, tena nyuma sana.

Mdomo na kichwa

Tundu lenye pini lililo nyuma ya amplifaya tuliite mdomo, na ncha ya kebo inayoingia humo tuiite kichwa. Kiwango cha kimataifa IEC 60320 kimeipa kila jozi namba zake: midomo ina namba shufwa, vichwa vina namba witiri. Jozi tatu ndizo zinazokutana sana kwenye mitambo ya muziki. C13 na C14 ni ile ya pini tatu iliyo pia nyuma ya kompyuta za mezani, na hubeba ampea 10. C19 na C20 ni kubwa zaidi, ya ampea 16, nayo huonekana kwenye amplifaya nzito na kwenye visafisha umeme. Marekani jozi hizo mbili huruhusiwa kubeba ampea 15 na 20. C7 na C8 ni ile ya umbo la nane: pini mbili, ampea 2.5, hakuna ardhi.

Haja ya adapta huja pale kebo nzuri uliyo nayo ina kichwa kimoja na mashine ina mdomo mwingine. Kutoka kebo ya C19 kwenda mdomo wa C14 hakuna hatari ya mkondo, kwa kuwa kebo ina uwezo kuliko mahitaji. Kinyume chake ndicho cha kuogopa. Ukilisha mashine ya C20 kwa kebo ya C13, mashine inaweza kuvuta ampea 16 kupitia migusano iliyotengenezwa kwa 10, na fyuzi ya ukutani haijui kwamba kuna kiungo dhaifu katikati. Fanya hivyo tu ikiwa sahani ya maelezo nyuma ya mashine inaonyesha matumizi yaliyo chini kabisa ya ampea 10, yaani wati 2300 kwa volti 230, au wati 1200 kwa volti 120.

Adapta ya kutoka C13 kwenda C8 huishilizia waya wa ardhi ndani yake. Hilo si kosa. Mashine yenye mdomo wa C8 ina kihami maradufu, na alama yake ni mraba ndani ya mraba. Tatizo la adapta hii ni uzito.

Uzito wa kebo

Hapa ndipo adapta nyingi nzuri huharibu kazi, na hapazungumzwi vya kutosha. Kebo nene kama kidole gumba ni nzito na haipindiki kirahisi. Adapta ngumu inaongeza sentimita 5 hadi 10 kati ya kebo na mashine, na urefu huo unageuka wenzo. Kichwa kinainama, pini zinashikwa upande mmoja tu, na eneo la mguso linapungua. Mguso mdogo unapata joto, joto linalegeza chemchemi ya shaba iliyo ndani ya kichwa, na chemchemi ikilegea mguso unazidi kuwa mdogo. Kwenye mashine ambazo mdomo wake umelehemiwa moja kwa moja kwenye ubao wa saketi, mzigo huo unaweza kupasua risasi ya kulehemu.

Dalili zake ni mkwaruzo kwenye spika kebo inapoguswa, mashine kuzimika na kuwaka, pini zenye doa jeusi, au harufu ya plastiki iliyopata moto. Cheche ndogo za mguso uliolegea hutoa kelele za masafa ya redio, nazo huingia kwa urahisi kwenye kiongeza sauti cha santuri, chenye kazi ya kukuza mawimbi madogo mno.

Tiba ni rahisi. Weka kipande cha mbao au kishikizo chini ya kebo ili uzito wake ukae juu yake, usining'inie kwenye pini. Acha nafasi ya sentimita 20 au zaidi kati ya mgongo wa mashine na ukuta. Ukiweza kuchagua, chukua adapta yenye mkia mfupi wa waya laini wa sentimita 15 hadi 30 badala ya ile iliyo donge moja gumu. Kwa mdomo wa C8 tungesema hivi bila kusita: kebo nene haifai. Pini mbili nyembamba za mviringo haziwezi kuibeba.

Hesabu ya ukinzani

Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 una ukinzani wa takriban miliomu 12 kwa mita (miliomu ni sehemu ya elfu ya omu). Kebo ya mita 2, kwenda na kurudi, ni karibu miliomu 48. Mguso mzuri una miliomu chache tu. Tuseme 5 kwa kila pini, basi adapta imeongeza miliomu 10 kwa waya wa moto na nyutro pamoja. Ni kama kurefusha kebo kwa chini ya nusu mita.

Amplifaya nyingi zenye transfoma, diodi na kapasita hazivuti mkondo kwa ulaini. Huuvuta kwa mipigo mifupi kwenye vilele vya wimbi, mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa hezi 50, na kila mpigo unaweza kuwa mara kadhaa ya wastani. Chukua mpigo wa ampea 10 kupitia adapta hiyo ya miliomu 10: volti inayopotea ni 0.1, wakati kilele cha umeme wa volti 230 ni karibu volti 325. Hakuna sikio litakalosikia hilo. Hata volti ikishuka kwa 3 mfululizo, amplifaya isiyo na kidhibiti cha volti hupoteza takriban desibeli 0.1 ya nguvu yake ya juu kabisa, na kwa sauti ya kawaida haipotezi kitu.

Sasa chukua adapta iliyolegea yenye ukinzani wa nusu omu. Kwa ampea 5 inapoteza volti 2.5 na kutoa joto la wati 12.5 ndani ya kijiplastiki kidogo. Hapo kuna kelele, na kuna moto. Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya adapta ni jinsi inavyobana pini, kabla ya kuuliza imetengenezwa kwa metali gani.

Kuipima kabla ya kuitumia

Multimita ya kawaida haisomi miliomu kwa uhakika. Nyaya zake zenyewe zina karibu omu 0.2. Tumia ugavi wa mezani wa umeme wa DC (wa mkondo wa upande mmoja) wenye kikomo cha mkondo. Adapta iwe mbali kabisa na umeme wa ukutani.

1. Chomeka adapta kwenye kichwa na mdomo vinavyolingana nayo, ili migusano halisi ihusike.
2. Weka kikomo cha mkondo kwenye ampea 1 na volti chache, kisha pitisha mkondo kwenye njia moja: waya wa moto peke yake, baadaye nyutro, mwisho ardhi.
3. Kwa multimita iliyowekwa kwenye milivolti, gusa karibu kabisa na pini ya kuingilia na ya kutokea. Kwa ampea 1, kila milivolti ni miliomu moja.
4. Tikisa adapta polepole huku na huku ukitazama namba. Ikirukaruka, itupe, hata kama ni ya bei kubwa.
5. Namba ikitulia lakini ikazidi 20, tafuta nyingine. Kwa njia ya ardhi peke yake, omu 0.1, yaani miliomu 100, ni mpaka ambao haufai kuvukwa.

Ukiwa na multimita tu, pima angalau mlio wa kuunganika: ardhi kwa ardhi, moto kwa moto, nyutro kwa nyutro, na hakikisha hakuna mlio kati yao. Kipimo hiki cha dakika moja hukamata adapta zilizogeuza nyaya au zenye pini ya ardhi ya urembo, isiyounganishwa na kitu ndani.

Baada ya kufunga, piga muziki kwa sauti kubwa kwa saa moja, zima, chomoa, kisha gusa adapta. Ikiwa na joto kuliko kebo iliyo kando yake, mguso ni mbaya. Amplifaya ya daraja A inafaa sana kwa kipimo hiki kwa sababu huvuta mkondo mkubwa hata muziki ukinyamaza.

Ardhi na mvumo

Mashine nyingi za chuma zenye mdomo wa pini tatu zina kapasita ndogo mbili ndani ya kichujio cha umeme, moja kutoka waya wa moto kwenda kwenye bodi (ganda la chuma la mashine) na nyingine kutoka nyutro. Ardhi ikikatwa, bodi huelea karibu na nusu ya volti za ukutani, yaani kama 115 kwa umeme wa 230. Mkondo wake ni mdogo, unausikia kama mtekenyo ukigusa bodi. Lakini mkondo huo hutafuta njia ya kurudi, na huipata kwenye ganda la kebo ya RCA, ile ya plagi ndogo za duara inayobeba mawimbi ya sauti, kuelekea mashine nyingine yenye ardhi. Huo ndio mvumo unaosikika mtu anapobadilisha adapta na kudhani kebo yake mpya ina kasoro. La kuogopesha zaidi ni kwamba hitilafu ikitokea ndani, bodi nzima inabeba umeme na fyuzi haikatiki.

Adapta za safari za "nchi zote" ni mashuhuri kwa kosa hili. Plagi ya Schuko, ile ya Ulaya ya pini mbili za mviringo, hupata ardhi kupitia vibati vya pembeni. Ikichomekwa kwenye adapta yenye matundu mawili matupu, haina ardhi kabisa. Vivyo hivyo kwa wanaochokonoa tundu la juu la soketi ya Kiingereza ili plagi ya pini mbili za mviringo iingie.

Wapo wanaokata ardhi kwa makusudi ili kuua mvumo. Usifanye. Mvumo wa aina hiyo hutokana na mashine mbili kupata ardhi kwa njia mbili tofauti, na hutibika bila kugusa ardhi. Washa amplifaya na spika peke yake, bila chanzo chochote. Ikinyamaza, rudisha vyanzo kimoja kimoja mpaka mvumo urudi. Mara nyingi mhusika ni kebo ya antena ya televisheni, inayoleta ardhi yake kutoka nje. Chomeka mashine zote kwenye ekstensheni moja yenye uwezo wa kutosha. Mvumo ukibaki, weka transfoma ya kutenganisha kwenye njia ya mawimbi au ya antena, au tumia miunganisho ya XLR (ya pini tatu, inayobeba mawimbi kwa waya mbili mbali na ganda) ikiwa mashine zote mbili zinayo kwa uhalisi.

Upande wa plagi

Kwa mashine zisizo na ardhi, upande ambao plagi imeingia unaweza kubadilisha mkondo unaovuja kupitia transfoma. Chomoa kebo zote za mawimbi, washa mashine, weka multimita kwenye volti za AC, kisha pima kati ya pete ya nje ya tundu la RCA na bodi ya mashine nyingine yenye ardhi. Geuza plagi, pima tena. Chagua upande wenye namba ndogo, utie alama ya tepu kwenye plagi na adapta. Usilifanye hili kwa mashine ya pini tatu kwa kuikata ardhi.

Kwenye mifumo ambayo plagi haigeuki, adapta iliyogeuza nyaya huiacha fyuzi ya ndani ya mashine kwenye nyutro. Ikikatika, mashine inanyamaza huku ndani yake bado kuna umeme hai.

Volti na hezi

Adapta hubadilisha umbo la pini tu. Soma sahani ya nyuma: mashine ya volti 120 peke yake ikichomekwa kwenye 230 itaungua, na dawa yake ni transfoma ya kushusha yenye uwezo unaozidi matumizi ya mashine.

Hezi husahaulika. Mashine ya santuri yenye mota ya sinkroni hufuata hezi za umeme. Iliyotengenezwa kwa hezi 50 ikipelekwa kwenye 60, santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika huzunguka mara 40, na wimbo hupanda zaidi kidogo ya nusu-toni tatu. Inahitaji puli nyingine au kidhibiti cha mota. Transfoma ya hezi 60 kwenye umeme wa hezi 50 nayo hupata joto zaidi na huvuma yenyewe, bila kupitia kwenye spika.

Kulinganisha kwa masikio

Mnahitaji kuwa wawili. Mmoja arushe sarafu na kufunga adapta A au B, mwingine asikilize bila kuona. Kila zamu adapta ichomolewe na kuchomekwa, hata sarafu ikisema ibaki ileile, na muda wa kusubiri uwe sawa. Fanyeni zamu 16. Majibu 12 sahihi au zaidi hupatikana kwa kubahatisha chini ya mara 4 katika 100. Majibu 9 au 10 hayathibitishi chochote.

Kabla ya zamu ya kwanza, chomoeni na kuchomeka adapta ya zamani mara tano au sita umeme ukiwa umezimwa. Pini zilizokaa miaka mahali pamoja huota utando wa oksidi, na msuguano wa kuchomeka huukwangua. Bila hatua hii, adapta mpya italinganishwa na uchafu, na adapta ya zamani itaonewa.