Rafu Zikikauka: Kununua na Kutunza Mahitaji ya Nyumbani Wakati wa Janga Ukiwa Ughaibuni

Machi 2020, mwezi ambao Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba COVID-19 imekuwa janga la dunia nzima, karatasi za chooni zilitoweka madukani kuanzia Australia hadi Uingereza na Marekani. Viwanda havikuwa vimefungwa. Watu walikuwa wamehamia nyumbani kutoka maofisini na mashuleni, na karatasi ya ofisini ni roli kubwa, nyembamba, inayotengenezwa kwa mashine nyingine na kuuzwa kwa wateja wengine. Isitoshe, karatasi hula nafasi kubwa huku faida yake ikiwa ndogo, kwa hiyo duka huweka kiasi kidogo na kutegemea lori la kesho. Wateja wakiongeza paketi moja moja tu juu ya walichozoea, rafu inaisha kabla ya saa sita mchana.

Unga wa ngano ulikwama kwa namna hiyo hiyo. Nchini Uingereza, takriban asilimia 4 tu ya unga ndiyo huuzwa madukani katika paketi ndogo; uliobaki huenda kwa waoka mikate na viwanda vya vyakula, kwa magunia na malori ya tangi. Vinu vilisaga usiku na mchana, lakini mitambo ya kufungasha paketi za kilo moja na nusu haikutosha. Ngano ilikuwepo, vifuko ndivyo vilivyopungua.

Ukilielewa hilo, utajua pia pa kutafuta. Kitu kikikosekana kwenye paketi ndogo, ulizia mfuko mkubwa: maduka ya jumla yanayouzia mahoteli, watoaji wa huduma za chakula, waoka mikate wa mtaani. Mwaka 2020 wengi wao walifungua milango kwa wateja wa kawaida kwa sababu mahoteli yalikuwa yamefungwa na mizigo imewalalia. Gunia la kilo 16 au 25 likigawanywa kwa familia tatu au nne linafaa kuliko kuzunguka maduka sita.

Hesabu kabla ya kutoka

Lengo ni wiki mbili. Si miezi mitatu, wala si siku tatu. Mwanzoni mwa COVID-19 karantini ilikuwa siku 14, na anayeishi ughaibuni mara nyingi hana shangazi wa mtaa wa pili wa kumletea kikapu. Wiki mbili zinakutosha kuugua na kupona bila kusimama kwenye foleni, na hazimnyang'anyi jirani yako mlo wake.

Fungua kabati, friji na friza, andika kilichopo, kisha piga hesabu ya kinachopungua. Chukua nyumba ya watu wanne. Mchele mkavu, gramu 90 kwa mtu kwa mlo mmoja: mara watu 4, mara siku 14, unapata kilo 5 na kidogo. Maharage makavu, gramu 70 kwa mtu, siku moja ndiyo moja siyo: kilo 2. Mafuta ya kula, vijiko viwili vya chakula kwa mtu kwa siku, yaani mililita 30: chini kidogo ya lita 1.7. Chumvi, hata kwa kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, chini ya gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, haifiki gramu 300. Nyumba nyingi zina chumvi ya miezi miwili tayari na bado watu huongeza pakiti nne.

Karatasi za chooni usikisie. Andika tarehe kwa kalamu kwenye kila roli unapolifungua. Baada ya siku 7 utajua mnamaliza mangapi. Kama ni 5, wiki mbili ni 10. Ongeza nusu yake, ziwe 15, maana watu wote wako nyumbani mchana kutwa. Fanya hivyo hivyo kwa nepi, taulo za kike, sabuni ya vyombo na ya kufulia. Vitu hivi ndivyo husahaulika kwenye orodha, na ndivyo huwa vigumu kuazima.

Maji ya chupa hayahitaji kuingia kwenye gari kama bomba lenu linatoa maji salama. Janga la ugonjwa si tetemeko la ardhi; kwa kawaida mabomba huendelea kufanya kazi. Ukitaka akiba kwa tahadhari, jaza vyombo safi vyenye vifuniko, lita 4 kwa mtu kwa siku, kwa siku tatu.

Ukiwa dukani

Uliza mfanyakazi wa duka lori huingia siku gani na bidhaa hupangwa saa ngapi. Swali hilo moja linakuokolea safari nyingi. Maduka mengi mwaka 2020 yalitenga saa ya kwanza ya asubuhi kwa wazee na wagonjwa. Kama huna sababu hiyo, usiingie humo. Nenda katikati ya wiki, mtu mmoja kwa nyumba, na orodha iliyopangwa kwa kufuata njia za duka ili usirudi nyuma mara tatu.

Kila kitu kwenye orodha kiwe na mbadala ulioandikwa pembeni kabla hujaondoka, kwa sababu mbele ya rafu tupu akili hukimbilia chochote kilicho karibu. Hakuna mchele: shayiri, viazi, tambi. Hakuna hamira: mikate isiyoumuliwa, chapati. Hakuna nyama: dengu, mayai, samaki wa kopo. Hakuna maziwa ya friji: ya pakiti yasiyohitaji baridi mpaka yafunguliwe. Wanaoagiza mtandaoni waruhusu mbadala kwa vitu vya kawaida na kuukataza kwa vile vyenye mzio au vya mtoto. Nafasi za kuletewa mzigo mara nyingi hufunguliwa usiku wa manane; jaza kikapu mapema, kisha ubaki na kazi ya kuchagua saa tu.

Vyakula vinavyotoka mbali sana huchelewa zaidi kuliko vingine, na si kwa sababu ya muuza duka. Machi 2020 Vietnam ilisimamisha mikataba mipya ya kuuza mchele nje, na mauzo hayakurudi kama kawaida mpaka Mei. Kama jikoni kwako kuna kitu kinachoagizwa kutoka nje, kiwekee akiba ya wiki nne badala ya mbili, halafu punguza kwingine.

Tarehe kwenye vifungashio zinawatupisha wageni chakula kizuri. Kwenye nchi nyingi za Ulaya kuna tarehe za aina mbili. Ile iliyoandikwa kwa Kiingereza "use by", au tafsiri yake kwa lugha ya pale, inahusu usalama: ikipita, usile, hata kama chakula kinanukia vizuri. Ile ya "best before" inahusu ladha na ubora tu. Mchele, tambi na makopo bado vinalika baada yake. Marekani sheria ya taifa haidai tarehe kwenye vyakula isipokuwa maziwa ya kopo ya watoto wachanga, kwa hiyo tarehe nyingine nyingi ni makadirio ya kiwanda. Jifunze maneno hayo mawili kwa lugha ya nchi unayoishi kabla ya maneno mengine yote ya dukani.

Kutunza ulichonunua

Unga na nafaka mara nyingi huja na mayai ya wadudu yasiyoonekana. Usimwage mfuko mpya juu ya wa zamani. Uingize kwanza kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa siku nne ukiwa umefungwa vizuri. Kisha uache urudi joto la kawaida bila kuufungua, la sivyo unyevu wa hewa utajikusanya ndani na kuleta ukungu. Ndipo uhamishie kwenye chombo chenye mfuniko unaobana. Unga usiokobolewa huchacha mapema kwa sababu kiini cha mbegu kina mafuta. Nunua kidogo au uweke kwenye friza.

Friji iwe nyuzi 4 au 5, na usiijaze mpaka hewa ishindwe kupita. Friza ni tofauti: ikijaa hushikilia baridi vizuri zaidi umeme ukikatika. Gandisha nyama kwa vifurushi vya mlo mmoja, vilivyobapa kama daftari. Huganda haraka na huyeyuka haraka. Mkate na maziwa hugandika bila shida, ila maziwa uyapunguze kidogo kwenye chupa, kwani yanatanuka. Viazi na vitunguu vitenganishe, vyote mahali pakavu penye giza na hewa.

Kopo lililovimba, linalovuja au lililobonyea kwenye mshono litupwe bila kuonjwa. Sumu ya botulini inaweza kuwemo bila harufu wala ladha yoyote.

Wali uliobaki upoe haraka kwenye sahani pana na uingie friji ndani ya saa moja au mbili. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa nje usiku kucha hutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi.

Maharage mekundu yanastahili maelezo marefu kidogo, maana wakati wa janga watu wengi huyapika kwa mara ya kwanza kutoka kwenye mfuko. Yakiwa mabichi yana lektini, sumu inayosababisha kutapika vikali ndani ya saa chache, na punje chache tu zinatosha kuumiza tumbo. Loweka angalau saa 5, mwaga maji hayo, weka mapya, kisha chemsha yatokote kwelikweli kwa dakika 30 kabla ya kupunguza moto. Hatari ipo kwenye sufuria za umeme zinazopika polepole: baadhi hazifiki joto la kuchemka, na maharage yaliyopashwa joto dogo yanaweza kuwa na sumu kali kuliko mabichi. Kama una sufuria hiyo, chemsha kwanza kwenye jiko la kawaida. Ya kopo yameshaiva.

Usafi: nini kinafanya kazi

Sabuni ya kawaida na maji, sekunde 20, inatosha kabisa kwa mikono nyumbani. Kitakasa mikono ni cha njiani, nacho kiwe na alkoholi isiyopungua asilimia 60. Pombe kali ya kunywa ya asilimia 40 haifikii, na anayechanganya sehemu sawa za spiriti ya asilimia 70 na jeli anabaki na asilimia 35. Ukiona methanoli kwenye lebo, usiguse. Mwaka 2020 mamlaka za Marekani zilionya kuhusu vitakasa vya namna hiyo, kwani methanoli hupofusha na kuua.

Kwa vitasa, swichi, meza na choo tumia dawa ya klorini, ile wengi wetu tunaiita jiki. Soma lebo kwanza: isiwe na manukato wala ile ya nguo za rangi. Ikiwa na klorini asilimia 5, pima mililita 20, yaani vijiko vinne vya chai, jazia maji baridi mpaka lita moja. Safisha uchafu kwa sabuni kwanza, kwa kuwa uchafu huimeza klorini, kisha paka dawa na uache pawe pabichi kwa angalau dakika moja. Changanya mpya kila siku. Ya jana imeshapungua nguvu. Madirisha yawe wazi. Usiichanganye kamwe na siki, dawa ya kuondoa magadi ya choo wala chochote chenye amonia, maana hutoa gesi inayochoma mapafu.

Mboga na matunda yaoshwe kwa maji yanayotiririka, bila sabuni wala klorini. Karatasi za chooni zikiisha, tumia maji na sabuni na kitambaa safi cha kujikausha kinachofuliwa. Usitupe chooni karatasi za jikoni, magazeti wala vitambaa vyenye unyevu hata kama pakiti inadai vinafaa. Haviyeyuki, na fundi wa mabomba hupatikana kwa shida siku hizo.

Mtoto mchanga na dawa

Maziwa ya kopo ya mtoto yakiadimika, kama ilivyokuwa Marekani mwaka 2022, kuna mambo mawili ambayo hayafanywi: kuyaongezea maji ili yadumu, na kutengeneza mbadala nyumbani. Maji ya ziada huvuruga chumvi za mwili na yanaweza kumletea mtoto degedege. Kwa mtoto mwenye afya, kubadilisha chapa kwa kawaida hakuna ubaya. Kwa mwenye mzio au maziwa maalumu, mpigie daktari kwanza. Kopo likishafunguliwa litumike ndani ya mwezi mmoja.

Dawa za kila siku ziombwe upya zikibaki za wiki mbili, usingoje za siku mbili. Parasetamoli kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa saa 24, na uangalie dawa za mafua, kwani nyingi tayari zina parasetamoli ndani. Weka kipimajoto kinachofanya kazi. Pakiti za chumvi za kuongezea maji mwilini zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vipimo visizidishwe.

Ukiugua ukiwa peke yako

Kubaliana na mtu mmoja mapema, jirani, mfanyakazi mwenzako au mwanajumuiya, kwamba atakayeugua ataletewa mzigo na mwenzake. Orodha unayomtumia iwe ya mtu asiyejua jikoni kwako. "Unga" haumsaidii, andika "unga wa ngano wa kawaida, kilo 1 hadi 2, chapa yoyote". Ongeza kiasi, mbadala, vitu vyenye mzio, na pesa utamtumiaje siku hiyo hiyo. Mzigo uachwe mlangoni, apige simu akiwa ameshasogea, nawe ufungue baada ya hapo. Bandika orodha hiyo hiyo kwenye mlango wa friji leo, ukiwa mzima, pamoja na namba yake ya simu na majina ya dawa zako.