SOMO: Kurudisha maziwa yaliyopungua wakati mtoto bado yuko kwenye maziwa ya kopo

Mamaz, naandika hii mara moja ikae hapa, maana inboksi nimejibu mpaka nimechoka na kila ninayemjibu kesho yake anarudi kuuliza "nile nini". Mwanangu alikuwa na wiki 7 nilipoanza, kopo anakunywa kama mils 500 kwa siku na ziwa anapewa la kubembelezea tu. Baada ya wiki 5 hivi tulibaki na mils 120 kwa siku na hizo hazikuisha mpaka alipoanza kula. Sikufika sifuri kwa kunyonyesha tu, nasema mapema ili asiwepo mtu wa kujiona ameshindwa.

Shika hili kwanza: maziwa yanatengenezwa kwa kutolewa. Ziwa likikaa limejaa, mwili unapunguza. Likitolewa mpaka likalegea, mwili unaongeza. Kila anapokunywa kopo na wewe hujakamua, mwili haujui kama kuna mtoto kala.

Hatua ya 1. Ashike ziwa vizuri, mdomo wazi sana, kidevu kiguse ziwa, aingize na ule weusi sio chuchu tu. Ikiuma muda wote nenda nesi akuangalie.

Hatua ya 2. Ziwa kwanza, kopo baadaye, mara 8 mpaka 12 ndani ya saa 24. Usiku usiruke, homoni ya maziwa inapanda zaidi usiku.

Hatua ya 3. Akimaliza, kamua dakika 10 mpaka 15, hata kama hakitoki kitu. Huna pampu, mkono unatosha: gumba na vidole nyuma ya weusi, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia, usiburute ngozi. Mara moja kwa siku tenga saa nzima: kamua dakika 20, pumzika 10, kamua 10, pumzika 10, kamua 10. Mimi nilikuwa nafanya saa 4 usiku nyumba ikishatulia.

Hatua ya 4, kupunguza kopo. SOMENI HAPA. Mimi niliambiwa mtoto akisikia njaa atanyonya kwa nguvu, basi Ijumaa nikaacha kopo lote kwa mpigo. Jumapili akawa analala tu, nikafurahi nikijua kashiba. Jumanne pampasi ya alfajiri imefika saa 6 mchana bado kavu, nikakimbia kliniki, mzani unasema ameshuka gramu 200. Nililia pale pale kwenye benchi. Mtoto mwenye njaa anachoka, akichoka ananyonya vibaya, na akinyonya vibaya maziwa yako yanazidi kukata, kwa hiyo nilikuwa nampoteza yeye na maziwa kwa pamoja. Ukitaka kupunguza, punguza mils 30 kwenye jumla ya siku nzima, kaa hapo siku 3, angalia, ndio upunguze nyingine 30. Anza na kopo la asubuhi, muda huo wengi wetu maziwa yanakuwa mengi. Pampasi za mkojo zisipungue 6 kwa siku, na mzani kila wiki, chini ya miezi 3 tunategemea kama gramu 150 mpaka 200 kwa wiki. Haongezeki? Rudisha kopo siku hiyo hiyo. Analala hataki kuamka, mdomo mkavu, utosi umebonyea, hiyo ni hospitali sasa hivi, usisubiri mtu akujibu hapa.

NA USIZIMUE KOPO. Kipimo ni kilichoandikwa kwenye kopo lenyewe. Maji wala uji kabla ya miezi 6 hapana.

Hatua ya 5. Kopo linalobaki mpe kwa kikombe, au chupa taratibu akiwa amekaa wima, asije akazoea kinachomiminika chenyewe.

Wenye ARV (dawa za VVU), suala la kuchanganya ziwa na kopo ongeeni na kliniki yenu kwanza.

MASWALI

Mama Junia: Asante dia, sijasoma yote, kwa hiyo ni supu ya pweza au uji wa pilipili manga?
— Kula ushibe, kunywa maji ukisikia kiu. Halafu rudi usome hatua ya 2 na 3.

Mama wa Mbagala: Nikiongeza maji kidogo kwenye kopo ili asishibe sana anyonye?
— Nimeandika kwa herufi kubwa. HAPANA. Ni mtoto wako huyo, soma tena.

Binti Tanga: Dada shikamoo, mimi nanyonyesha kila saa ila nikikamua napata mils 20 tu maziwa yote mawili. Ndio anazopata mtoto?
— Marahaba mdogo wangu, swali zuri hili. Hapana, mtoto anayeshika vizuri anatoa kuliko pampu. Angalia ile koni ya pampu, ikiwa kubwa au ndogo kuliko chuchu yako haivuti vizuri. Weka kitambaa cha uvuguvugu, kanda ziwa huku unakamua. Halafu nikuulize, ulipojifungua ulipoteza damu nyingi? Unatumia vidonge vya uzazi wa mpango? Vile vyenye estrojeni vinapunguza maziwa, hata baadhi ya dawa za mafua zinapunguza. Mwambie daktari akucheki na damu na tezi ya shingo, wakati mwingine mama anafanya kila kitu sawa na tatizo liko huko.

Binti Tanga: Damu nilipoteza sana dada, niliongezewa. Naenda kesho.
— Nenda, na umwambie hilo kwanza kabla ya yote.

Mama Mapacha: Likizo inaisha, nitakamua saa ngapi kazini?
— Sheria ya kazi ya 2004 hapa Tanzania inakupa mpaka masaa 2 kwa siku ya kunyonyesha, mwambie bosi mapema. Usipitishe masaa 3 au 4 bila kukamua.

Mama Ally: Nyongeza kwa wa kazini, mimi nabeba kipoza chenye barafu, nikifika friji moja kwa moja. Friji siku 4. Nje wanasema saa 4 ila kwa joto la Dar mimi sifikishi. Na msiyachemshe jikoni, weka chupa kwenye bakuli la maji moto.

Mama Junia: Nimerudi kusoma dada, samahani. Wangu ana miezi 4, nimechelewa?
— Hujachelewa. Leo usiku anza na hatua ya 2, kesho asubuhi mpeleke kwenye mzani upate pa kuanzia, uniandikie uzito hapa.