Unataka kuanza ilimba? Anza na masikio, msikilize mzee Zawose

Vijana wengi hapa Dodoma wananiuliza ilimba, ile ala yetu ya Kigogo ya boksi la mbao lenye vyuma vya kupiga kwa dole gumba, waanzie wapi. Mi nawaambia kabla hujagusa chuma hata kimoja tafuta albamu ya Chibite ya mzee Hukwe Zawose, ilitoka 1996 kwa Real World, lebo ya Peter Gabriel kule Uingereza, weka hedfoni, chagua wimbo mmoja ukae nao wiki nzima. Huyu ni Mgogo wetu, kazaliwa 1938 huku huku mkoani, Nyerere akamwita Dar miaka ya 60, baadae akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akazunguka dunia mpaka alipofariki Desemba 2003, na kote huko alibeba ilimba na izeze, yaani zeze za Kigogo, za nyumbani.

Ukishasikiliza ndo utafute ilimba yenyewe. Zile ndogo za kuuzia watalii achana nazo, nenda vijijini kama upande wa Chamwino uulizie fundi. Ikague vizuri, boksi lake lina kitundu na juu yake panabandikwa utando mweupe wa mayai ya buibui, ule unaoukuta ukutani kwenye nyumba za udongo, unaubandua taratibu kwa kucha maana ukichanika basi. Huo utando ndo unafanya sauti itoke na mtetemo kama kuna nyuki humo ndani, ukikauka ukatoboka ilimba inakuwa kavu kabisa, kwahiyo weka wa akiba.

Sasa kwenye kutyuni ndo watu wengi wanaharibu. Usitumie apu ya gitaa jamani! Kuna noti ya Kigogo inakaa katikati ya vitufe viwili vya piano, apu itakwambia umekosea, we utasogeza chuma mpaka ikubali na hapo Ugogo wote umeshautoa. Fungua wimbo uleule uliokaa nao wiki nzima, gonga chuma kidogo kidogo kwa kipande cha mbao, ukikifupisha sauti inapanda, ukikirefusha inashuka, imba ile noti kwa mdomo kwanza halafu ndo ukifuate chuma. Inaweza kukula siku nzima, we vumilia tu.

Kupiga ni dole gumba la kulia na la kushoto wakipokezana, anza na vyuma vinne tu, rudia rudia mpaka mikono iende yenyewe ndo uingize sauti juu yake. Usikimbilie spidi ya mzee, yule alianza utotoni.

Na wasichana msiambiwe ilimba ni ya wanaume. Zamani ilikuwa hivyo kweli, ila Pendo binti wa mzee Zawose na Leah mjukuu wake, wale wa kundi la Zawose Queens, wametoa albamu yao ya Maisha 2024 na humo wanapiga na kuimba wenyewe. Kwahiyo ukishaipata ya kwako, dada yako akiomba kushika, mpe.