Mche usioufahamu: subiri majani halisi kabla ya kuamini lebo

Umenunua mtandaoni mbegu za pilipili, umezisia, na mche ulioota unakutia shaka. Usiung'oe bado, wala usiuhamishie shambani. Uache kwenye chungu chake, mbali na miche mingine, na utunze pakiti pamoja na mbegu zilizobaki. Mbegu hizo ni ushahidi bora kuliko picha yoyote ya muuzaji.

Majani mawili ya kwanza yalikuwa tayari ndani ya mbegu, kwa hiyo hukuonyesha jamii ya mmea zaidi kuliko aina yake. Ya kabichi na figili yana umbo la moyo. Ya maboga na matango ni makubwa, manene na ya duaradufu. Ya karoti ni marefu na membamba sana. Ukiona jani moja tu likichomoza, huenda ni nafaka, nyasi au kitunguu.

Jibu la uhakika zaidi huanza na majani halisi, yaani yale yanayofuata. Subiri yafike manne au matano, kisha tazama kingo, vinyweleo na mpangilio wake: yanakabiliana mawili mawili au yanapishana? Papasa shina pia. Shina la pembe nne, majani yanayokabiliana na harufu nzuri huashiria jamii ya mrihani.

Kwa pilipili, nasisitiza jambo moja kwa sababu linahusu uhai wa watu. Pilipili, nyanya na biringanya ni jamii moja na mnanaha, Datura stramonium, ambao una sumu kuanzia mizizi hadi mbegu. Vikiwa vichanga vyote vina majani ya mwanzo membamba yaliyochongoka, hivyo ni rahisi kudanganyika. Rudi kwenye mbegu zilizobaki: za pilipili kwa kawaida ni bapa, za rangi ya maziwa au manjano hafifu, za mnanaha zilizokomaa ni za kahawia iliyokolea au nyeusi, zenye vishimo vidogo. Baadaye majani ya mnanaha hupata meno makubwa yasiyolingana na hunuka vibaya yakifikichwa. Vaa glavu, nawa mikono, usiguse macho.

Programu za simu zinazotambua mimea husaidia kukisia, lakini kwenye miche michanga hukosea mara nyingi. Usile jani wala tunda kwa sababu tu simu imetaja jina. Mpelekee bwana shamba picha za jani juu na chini, shina na mbegu, au subiri ua, maana ua ndilo linalomaliza ubishi.

Ikithibitika kuwa ni gugu au mmea wenye sumu, ung'oe kabla haujatoa mbegu. Usiutupe kwenye mboji wala usilishe mifugo. Mbegu zilizosalia zisipandwe wala kugawiwa jirani. Zifungie, kisha uliza ofisi ya afya ya mimea namna ya kuziteketeza. Endelea kukagua udongo wa chungu kile, kwa kuwa mbegu za mnanaha huweza kulala ardhini miaka mingi na kuota kwa zamu.