Somo: Kupima mbegu za fahali zilizokaa kwenye mtungi wa naitrojeni

Ng'ombe aliyepandishwa kwa mrija akirudia joto, yaani akitaka dume tena kwa kuwa hakushika mimba, lawama humwangukia fahali. Mara nyingi mbegu zilitoka kituo cha taifa cha uhimilishaji cha Usa River, Arusha, zikiwa hai, zikafia kwenye shingo ya mtungi huku Kongwa au Chamwino. Zikipata joto zaidi ya nyuzi -130, barafu hujiunda upya ndani ya seli na kuchana utando. Kuzirudisha kwenye naitrojeni, kimiminika cha baridi kali kilichomo mtungini, hakuziponyi.

Anza na mtungi. Zamisha rula ya mbao hadi chini, subiri sekunde 10, itoe uipunge; barafu nyeupe itakayoganda juu yake inaonyesha kina cha naitrojeni. Usitumie bomba, kimiminika kitakurukia usoni. Andika kipimo kila wiki. Kikianza kushuka haraka kuliko kawaida na shingo inatoa jasho, mtungi umekufa: hamisha mirija (vijiti vyembamba vya plastiki vyenye mbegu) siku hiyo hiyo.

Kisha pasha kila kitu hadi nyuzi 37: slaidi, kifuniko chake, tyubu kavu, na meza ya hadubini. Hapa ndipo wengi huharibu. Asubuhi za Julai hapa Dodoma slaidi ya baridi huua mbegu, halafu mpimaji anaandika "mbovu".

Inua kanista, kikombe kirefu kinachobeba mirija, bila kuifikisha mdomoni mwa mtungi. Shika mrija kwa koleo ndani ya sekunde 8. Ukishindwa, shusha, subiri, jaribu tena. Uzamishe kwenye maji ya nyuzi 37 kwa sekunde 30, ukaushe kabisa, ukate, umimine kwenye tyubu. Tone moja dogo, kifuniko, ukuzaji wa mara 200. Angalia sehemu nne za katikati, kwa sababu pembeni hukauka mapema. Kadiria zinazokwenda mbele moja kwa moja, si zinazotetemeka tu. Chini ya asilimia 40, pima mrija wa pili wa kundi lilelile kabla ya kuhukumu.

Mikia iliyojikunja na kuzunguka duara? Maji yameingia, au baridi imezishtua.

Iache tyubu kwenye nyuzi 37 kwa saa moja, urudie. Zilizojeruhiwa huanza kwa mbwembwe kisha huzimika, na kipimo hiki cha pili ndicho ninachokiamini zaidi.

Swali: Mkuu, hadubini yangu haina meza ya moto.
Jibu: Laza slaidi juu ya chupa bapa yenye maji ya nyuzi 38 mpaka dakika ya kuangalia. Soma haraka, ikipita nusu dakika, weka tone jipya.

Swali: Mrija ulioyeyuka naweza kuurudisha?
Jibu: Hapana. Utumie ndani ya dakika 15 au utupe.

Swali: Daktari, mwendo ni asilimia 60 lakini ng'ombe hawashiki.
Jibu: Basi acha mbegu, kagua muda. Aliyeonekana kwenye joto asubuhi apandishwe jioni. Wa jioni, asubuhi inayofuata. Hakikisha pia unaachia mbegu mara tu unapovuka shingo ya kizazi, si kabla yake.